Kilomita Mbili Kasoro

Hotuba niliyoitoa kwa kikundi chetu cha matembezi katika ukumbi wa kanisa, Dagoretti, Nairobi, wiki moja baada ya Siku ya Mazingira ya Oktoba 10.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana, na watoto mlioketi chini hapa mbele, hamjambo?

Nimepewa nusu saa. Nilikuja na picha kwenye kompyuta, lakini mnaona wenyewe, stima imepotea tangu mvua ya jana jioni. Si neno. Mtoto akionyeshwa kinyonga ukutani mwenye ukubwa wa mlango, siku atakayomkuta kwenye ua wa michongoma akiwa na urefu wa kidole hatamjua. Kwa hiyo leo ni mdomo tu, na mkiona nimepotea njia, nirudisheni.

Wengi hapa mnanifahamu kama mzee wa mita. Miaka 23 nilizunguka mitaa hii nikisoma mita za maji, kuanzia huku hadi kwenye mashamba ya mpakani na Kiambu, kwa miguu, mvua na jua. Ni kazi ya kuinama. Unafika langoni, mbwa wanabweka, bawabu anataka kitambulisho ingawa mlionana mwezi jana tu, unainua kifuniko, unapangusa kioo kwa kidole gumba, unaandika tarakimu, unafunika, unakwenda. Vifuniko 100 na zaidi kwa siku. Na chini ya vifuniko hivyo, ndugu zangu, kuna wenyeji.

Nyumba moja huku juu, sanduku lake la mita lilikuwa na chura. Mara ya kwanza nilishtuka hadi kalamu ikaniponyoka ikaanguka ndani. Alikuwa mkubwa kama ngumi ya mtoto, rangi ya udongo, amepanda juu ya bomba na kulaza tumbo kwenye kioo cha mita, penye ubaridi. Nikamsogeza kwa kidole ili nisome. Alirudi nyuma kidogo tu, akaendelea kunitazama, koo likipwitapwita. Mwezi uliofuata alikuwa palepale. Na uliofuata. Januari, jua la kupasua mawe, hakuwepo. Nikasema basi, amekufa. Nilipokwangua udongo chini ya bomba nikaona mgongo wake, amejizika. Masika yakaja, akatoka akaenda nisikokujua, akarudi Juni amenenepa. Nikaanza kumwandika. Safu moja tarakimu za mita, safu ya pili chura: yupo, hayupo, yupo. Mkubwa wangu kazini aliliona lile daftari akaniuliza kama chura naye analipa bili.

Sasa kuna jambo ambalo msoma mita yeyote analijua. Mita ukiisoma mara moja haikuambii kitu. 4,210. Hiyo ni nini? Mpaka uwe na tarakimu ya mwezi uliopita ndipo unajua watu wa nyumba hii wametumia maji kiasi gani, kama kuna bomba linalovuja chini kwa chini, kama wamepata wageni, kama wamehama usiku. Habari yote iko katikati ya tarakimu mbili. Njia ya kutembea nayo ni vivyo hivyo. Ukiipita mara moja umeona majani, umeona ndege wawili, umepiga picha, umerudi nyumbani. Ukiipita kila wiki mwaka mzima, jani moja lililokunjwa ambalo Jumamosi iliyopita halikukunjwa linakusimamisha.

Ndiyo maana nimekuja na ombi, na najua kamati itaninunia kwa sababu pesa za basi la Naivasha zimeshachangwa. Naomba tusitafute njia mpya kila mwezi. Tuchague moja, ya karibu, turudi palepale. Sina neno na Naivasha. Sina neno na Karura pia, ule msitu ni zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, na kama si Wangari Maathai na wenzake waliopigwa pale Januari 1999 wakizuia usijengwe, leo tungekuwa tunasoma mita humo. Lakini tumezoea kuamini kwamba wanyama ni wale wa kulipiwa langoni. Ukimwambia mtu wa Nairobi unakwenda kuangalia wanyama anakuuliza gari ni la nani.

Njia yangu mimi ina kilomita mbili kasoro. Inaanzia stejini, nyuma ya vibanda vya mboga, inafuata ua wa michongoma, inashuka katikati ya majani ya nepia, inavuka kijito kwenye kidaraja cha mbao, inapanda hadi penye mugumo mmoja mkubwa, ule mtini wa mwituni, kisha inatokea kwenye lami. Mtu anayewahi kazi huitembea kwa dakika 25. Mimi hunichukua saa mbili. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, ingawa mimi nilijikwaa vibaya. Nitafika hapo.

Shuleni tulifundishwa misimu minne: kiangazi, masika, kipupwe, vuli. Hayo ni maneno ya pwani, yamekwenda pamoja na pepo za kaskazi na kusi. Nyanya yangu hakuwahi kuiona bahari. Yeye alikuwa na mvua mbili, mvua ya njahi na mvua ya mwere, kila moja kwa jina la kinachopandwa, na kilichobaki ni baridi au vumbi. Mimi nilipoanza daftari nilitumia majina ya Kizungu ya miezi, kisha nikagundua miezi hainisaidii. Kumbikumbi hawana kalenda ya ukutani.

Nianze na hao kumbikumbi.

Mvua kubwa ya kwanza ya masika ikishanyesha na ardhi ikalowa vizuri, jioni hiyo au ya pili yake wanatoka. Hapa mtaani tunawajua kwa taa za barabarani, na asubuhi tunafagia mabawa mlangoni kama maganda ya vitunguu. Nendeni mkawaone wanakotokea. Juu kidogo ya kile kijito kuna kichuguu kisicho na mnara, ni kama tako la chungu lililofunikwa juu ya nyasi. Jioni ya mvua mchwa wafanyakazi wanatoboa vitundu vipya, askari wenye vichwa vikubwa wanasimama kwenye kingo, halafu wale wenye mabawa wanaanza kutoka wakisukumana kama abiria wa matatu saa moja asubuhi. Wanapaa ovyo. Kunguru wanawadaka hewani, kuku wa jirani wamevuka ua, chura wameketi duara kama watu walioalikwa karamu. Dakika chache tu, wale waliosalimika wako chini, na hapo watazamaji wengi hurudi nyumbani.

Msirudi. Chuchumaeni. Jike akishatua anainua tumbo juu, anasubiri. Dume akimfikia, jike anajinyonga kidogo na mabawa yote manne yanakatika, kila moja kwenye mshono wake, kama mtu anayevua koti mlangoni. Dume naye anavua. Kisha wanaanza safari, jike mbele, dume nyuma akiwa amemgusa kwa vipapasio. Jike akikata kona, dume anakata kona. Jike akisimama, dume anamgonga kwa kichwa. Niliwafuata wawili kwa tochi ya simu mita tatu nzima, wakazunguka jiwe, wakapita juu ya kiatu changu, wakafika penye udongo laini chini ya nepia, wakachimba kwa zamu na kujifungia humo. Hawataruka tena maisha yao yote. Wengi hufa. Ambaye hafi, yule jike ndiye malkia wa kichuguu kijacho, ataishi gizani akitaga miaka mingi, na ninyi mtakuwa mmewaona siku ya harusi.

Jirani yangu ni mtu wa Butere. Kwao wanawaita tsiswa, kama vile Waluo wanavyowaita ngwen, na anasema kwao si lazima kuingoja mvua: mnafunika kichuguu kwa matawi na blanketi, mnapigapiga vijiti polepole ili mchwa wadhani ni matone, na wanadanganyika, wanatoka. Mimi nililelewa kwa irio, nikala kumbikumbi wangu wa kwanza nikiwa na miaka 40, nikajuta miaka iliyopotea. Ni kama njugu zilizokaangwa kwa siagi. Na baada ya wiki chache rudini pale kichuguuni, mtakuta uyoga umesukuma udongo. Mchwa hao ni wakulima. Ndani kabisa wana mashamba ya uyoga wanayoyalisha majani makavu waliyoyatafuna, na mvua ikizidi shamba linachungulia nje.

Ndege wa mvua mnamjua kwa sauti hata kama hamjamwona. Noti tatu zinazoshuka, zilezile, kuanzia alfajiri mpaka unatamani kumtupia kiatu. Yuko katika jamii ya kekeo, ana kifua chekundu cha kutu, na hajengi kiota; jike hutaga kwenye kiota cha kurumbiza na kumwachia malezi. Wazee wetu husema huyu akianza kulia, panda. Mimi ni mtu wa daftari, nikasema ngoja tumpime. Miaka miwili ya kwanza alipata. Machi 2022 akalia kama kawaida, tena kwa bidii, na masika yale mnayakumbuka, ule ukame uliomaliza mifugo kaskazini na mashariki. Nilikasirika kana kwamba amenikopa pesa. Nikaja kuelewa kwamba yeye hatabiri chochote. Anatangaza eneo lake na kutafuta mke kwa sababu msimu wa mvua ndio wenye viwavi wa kula, na kurumbiza nao ndipo wanapojenga. Anabahatisha, kama sisi tunaopanda mahindi.

Aprili 2024 hakubahatisha, mvua ilikuja na mafuriko. Sitaki kuisimulia kama kichekesho, kuna watu humu walipoteza zaidi ya njia ya kutembea, na kando ya mito ya jiji hili wengine walipoteza watu. Kidaraja changu kilikwenda. Kijito ambacho ungekivuka kwa hatua mbili kilikata ukingo wa upande wa pili ukabaki ukuta mtupu wa udongo mwekundu, mrefu kunishinda. Nilikaa miezi siipiti njia ile. Niliporudi, ule ukuta ulikuwa na matundu matatu ya mviringo, safi kama yaliyotobolewa kwa bomba la inchi mbili, na juu ya waya wa stima walikuwa wamekaa keremkerem wawili, kijani mgongoni, kifua cha rangi ya mdalasini. Mmoja alikuwa na nyuki mdomoni. Akampigapiga kwenye waya, akamsugua kuondoa mwiba, akaingia tunduni. Nilibaki nimesimama pale sijui nifurahi au nisifurahi. Mpaka leo nikiandika juu ya keremkerem hao mkono wangu unasita.

Sasa nifike pale nilipojikwaa.

Ilikuwa Mei. Kwenye michongoma nilimwona kinyonga. Hapa kwetu nyanda za juu tuna kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, kama kifaru wa mfukoni. Huyu hakuwa na pembe, alikuwa jike, na alikuwa mnene kupita kiasi. Vinyonga wengi hushuka chini, huchimba shimo na kutaga mayai. Huyu wetu huzaa. Nami nilikuwa nimelisoma hilo bila kulishuhudia, kwa hiyo nikaegemea fimbo nikatulia. Baada ya muda akapiga hatua moja kwenye kijiti, akatikisika, na kitu kikadondokea kwenye jani kama tone la gundi. Ndani ya lile tone mlikuwa na mtoto amejikunja. Akajinyoosha, utando ukapasuka, akatoa mkono mmoja wenye umbo la koleo, akashika ukingo wa jani. Mkia ukafuata, ukajizungusha kijitini. Macho yakaanza kugeuka, hili huku, lile kule. Urefu wake wote ni kama kipande cha kijiti cha kiberiti. Mama hakumtazama hata mara moja, alishapiga hatua nyingine, tone lingine. Nilihesabu wanne, watano, sita.

Kwenye wa saba nikahisi kitu gotini.

Nilikuwa nimesimama kwenye barabara ya siafu. Ninyi mnajua siafu, hawaumi mmoja mmoja. Wanapanda kwa adabu, kimya, na walipoanza kuuma walikuwa wameshafika penye mkanda. Nilikimbilia ndani ya nepia nikavua viatu, nikavua suruali, nikavua kilichobaki. Na kwa vile Mungu ni mcheshi, ndipo ule mwendo wa mama mmoja wa maziwa ukasikika njiani. Akasimama. Akaona suruali juu ya michongoma. Akaona kichwa changu juu ya nepia. Akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Mzee wa mita, na leo unasoma nini?"

Nilimwelekeza kwenye kinyonga ili asinitazame mimi. Kosa. Mama yule aliweka mtungi chini, akarudi nyuma akijifunika mdomo, kisha akaondoka mbio kuniacha na siafu wangu. Wengi wetu tumelelewa na ile hadithi: kinyonga alitumwa na Mungu kuja kutuambia hatutakufa, akachelewa kwa mwendo wake wa kusitasita, ndege akamtangulia na ujumbe mwingine. Hadithi naipenda. Lakini kwa ajili yake nimeona vinyonga wakipigwa mawe na watoto wa shule, na mnyama mwenyewe hana sumu wala mbio. Mama wa maziwa bado tunasalimiana. Suruali ile nilitupa.

Julai haina mengi. Ni ukungu, ni makoti, ndege wengi wamenyamaza, na waliotoka Ulaya na Asia wamesharudi kwao. Jambo moja tu: tokeni kabla ya saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye nepia. Buibui wale wote ambao mwaka mzima hamkuwaona, utando wao umelowa, umekuwa mweupe, na mnagundua kwamba mlikuwa mnatembea katikati ya soko lao. Saa tatu umande unakauka na soko linafungwa.

Lakini ni katika baridi hiyo nilipoielewa mugumo. Nilikuwa nimeandika miaka mitatu nikitafuta msimu wake wa kuzaa, na daftari lilinigomea. Mwaka mmoja umejaa Februari, mwingine Julai, na mugumo wa ng'ambo ya barabara haufanani na wa kwangu hata siku moja. Nikadhani nimekosea kuandika. Asubuhi moja ya Julai, mti umejaa ninga, wale njiwa wa kijani ambao huwaoni mpaka jani linaruka, nikaokota tini moja changa iliyoanguka nikaipasua kwa wembe. Fanyeni hivyo nyumbani. Lile tunda ni mfuko uliojaa maua, mamia, yote yanatazama ndani, gizani. Mlango ni mmoja, kitundu cha mbele kilichozibwa na magamba membamba. Na ndani nilikuta nyigu mweusi mdogo kuliko mbegu ya ufuta, amekufa, hana mabawa.

Mabawa aliyaacha mlangoni. Jike huyu hupenya kwa nguvu mpaka yanang'oka, anaingia na chavua aliyobeba kutoka mti mwingine, anayapaka maua, anataga mayai katika baadhi yake, anafia humohumo. Watoto wakikua, madume ndiyo hutangulia kuamka. Hayana mabawa kabisa, hayataona jua. Kazi yao ni kupandana na majike, kutoboa njia ya kutokea na kufa. Majike yanatoka na chavua, na tangu hapo yana siku moja au mbili za kuupata mugumo mwingine wenye tini changa. Siku moja au mbili! Sasa fikirini: kama mugumo yote ya Dagoretti na Kikuyu ingezaa mwezi mmoja, nyigu wale wangetoka wakute milango yote imefungwa, na mwaka unaofuata hakuna nyigu, hakuna mbegu, hakuna ninga. Kwa hiyo kila mti unashika saa yake. Daftari langu halikuwa limekosea. Na hawategemei mabawa peke yake, upepo huwabeba. Huko Namibia watafiti waliwafuatilia nyigu wa mkuyu wakakuta wengine wamesafiri zaidi ya kilomita 100. Yule wangu wa ndani ya tini nilimpuliza kwa bahati mbaya kwenye kiganja, nikampoteza.

Nyanya alitukataza hata kuvunja kijiti cha mugumo, kwa sababu ndipo wazee walipoombea. Sikumuuliza zaidi. Lakini tazameni bonde lile: muiri umekuwa mbao, mukinduri umekuwa makaa, mugumo umebaki.

Oktoba ndiyo hii, siwezi kuwaeleza kitu mnachokikanyaga mkija. Jakaranda zetu zimetoka Amerika Kusini na tumezikubali kama za kwetu, sawa. Ila mkiokota ua lililoanguka, geuzeni mtazame chini, karibu na kikonyo. Mara nyingi mtaona kitobo. Ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, hapendi kuingia mlangoni, anakunywa kwa dirisha na halipi kwa chavua. Na mbayuwayu wamefika wiki hii, nimewaona juu ya uwanja wa shule, ndege wa gramu 20 hivi ambaye amevuka Sahara. Vuli ikikolea mtaona kereng'ende wa rangi ya dhahabu wakielea kwa makundi bila kutua. Baadhi ya wanaofika Afrika Mashariki msimu huu huaminika wamevuka bahari kutoka India, wakisukumwa na pepo zilezile zinazoleta mvua, na watataga kwenye madimbwi yetu ya muda, yale ya barabara mbovu. Diwani asituzibie yote.

Kiangazi, vumbi la Januari na Februari, watu husema hakuna cha kuona. Nami nilisema hivyo mpaka niliposoma mita moja iliyokuwa inavuja. Maji yalikuwa yakitoka tone kwa tone na kulowesha udongo mahali pa ukubwa wa sahani, na kwenye sahani ile walikuwa vipepeo weupe zaidi ya 60, wamebanana, mabawa yamefungwa, kama matanga ya mashua bandarini. Wanafyonza chumvi kwenye matope. Karibu wote ni madume, na chumvi hiyo hawali peke yao, humpa jike wakati wa kupandana ili mayai yawe na nguvu. Kanuni ya kazi ilikuwa kuripoti uvujaji siku hiyohiyo. Niliripoti kesho yake. Nikiri kitu kingine: wenye kurekebisha walikuja baada ya wiki tano, kwa hiyo kuchelewa kwangu hakukumuumiza mtu, na vipepeo walikula Februari nzima.

Vijana wameniuliza waanzie wapi kujifunza majina. Anzeni na nyanya na babu zenu, kwa lugha wanayoijua, kabla hamjafungua simu. Simu itawaambia jina la Kilatini. Babu atawaambia lile jani hutumika kuivisha ndizi. Kwa ndege, kuna chama cha Nature Kenya, kilianza mwaka 1909 kikiwa chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki, na hutembea kila Jumatano asubuhi kutokea Makumbusho ya Taifa. Bi Fleur Ng'weno ameyaongoza matembezi hayo kwa miongo mingi. Nilikwenda nikiwa likizoni, nikaona watu 30 wamesimama kimya mbele ya mti mmoja, hakuna anayenyoosha mkono kuonyesha. Nilifanya kazi miaka 23 Nairobi na sikuwahi kuona watu 30 wakinyamaza pamoja.

Mwenyekiti ananionyesha saa, haya, namalizia.

Kesho ni Jumamosi. Kamati itaamua juu ya Naivasha ikiamua, lakini mimi nitakuwa stejini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuma ya vibanda vya mboga. Kuna matope, vaeni gambuti kama mnazo. Nguo nyeupe hapana, ninga wanaziona mbali. Mugumo una tini wiki hii na wembe nitakuja nao mimi, watoto wasibebe. Kidaraja kipya ni mbao mbili tu, tutavuka mmoja mmoja. Tukifika penye michongoma tutasimama, kwa sababu kuna jike la kinyonga nimelifuatilia tangu Agosti na tumbo limeanza kushuka. Sasa, kila mmoja wenu kabla hajainua macho kumtazama, atazame kwanza amekanyaga wapi.